Kwa nini hakuongeza tu mke?

Tulikuwa msibani Kongwa, maziko yameshapita. Wanaume tumekaa kwenye mabenchi chini ya turubai, chai ya rangi inazunguka, na maongezi yameshahama kutoka kwa marehemu kwenda kwenye mpira, na kutoka kwenye mpira kwenda kwenye dini. Mjomba wangu, Mkatoliki wa tangu babu na babu, akaanza kunichokoza kama ilivyo kawaida yake.

"Ninyi Waanglikana mtatuambia nini? Kanisa lenu lilianzishwa na mfalme aliyemchoka mkewe."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana utani huo nausikia tangu nikiwa darasa la kipaimara. Ndipo jirani mmoja, mzee wa Kiislamu mwenye wake wawili, akaweka kikombe chini na kuuliza kwa upole kabisa:

"Sasa mzee mwenzangu, si angeongeza tu mke? Kulikuwa na haja gani ya kuwavuruga watu dini yao?"

Mjomba akasema Wazungu hawana mambo hayo. Maongezi yakahamia bei ya alizeti.

Mimi sikuhama nayo. Wiki zilizofuata nilikuwa nalala na swali la yule mzee na kuamka nalo. Ni swali la mtu anayejua ndoa ni nini na watoto ni nini, na kila nilipojaribu kulijibu kwa ile hadithi ya shuleni, ya Henry wa Nane, mfalme mnene wa Uingereza mwenye wake sita, jibu halikusimama.

## Hakuomba talaka

Henry wa Nane hakuomba talaka. Aliomba atangaziwe kwamba hajawahi kuoa.

Tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe. Catherine wa Aragon alikuja Uingereza kuolewa na Arthur, kaka yake Henry. Wakafunga ndoa Novemba 1501, na Aprili 1502 Arthur akafariki, kijana wa miaka 15. Binti wa wafalme wa Hispania akabaki mjane ugenini, mahari yake, ambayo kwa Wazungu ilitoka upande wa binti, haijamalizika kulipwa, na baba mkwe hataki kuipoteza. Wakaamua arithiwe na mdogo mtu. Papa Julius wa Pili akatoa ruhusa, na mwaka 1509, wiki chache baada ya kurithi kiti, Henry akamwoa shemeji yake.

Msomaji wangu ambaye amewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo cha kumaliza msiba hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua wazee wanavyozungumza mjane akiwa ndani, anajua nani hutazamwa. Na kama amelelewa kanisani, anajua pia kwamba Biblia imesema mawili. Kumbukumbu la Torati 25 inamwagiza ndugu amchukue mke wa marehemu asiye na mtoto ili jina lisipotee. Mambo ya Walawi 20 inasema anayemtwaa mke wa nduguye amefanya uchafu, nao hawatapata watoto.

Kwa miaka mingi Henry hakusumbuliwa na Walawi. Mtoto wao wa kiume aliyezaliwa siku ya Mwaka Mpya 1511 aliishi chini ya miezi miwili. Mimba nyingine ziliharibika, watoto wengine walizaliwa wamekufa. Akabaki Mary, wa 1516. Kufikia 1527 Catherine alikuwa ameshapita umri wa kuzaa, na mfalme akaanza kuusoma ule mstari kama hukumu iliyoandikwa kwa ajili yake. Mary alikuwa hai na mzima, lakini wanazuoni wake wakamhakikishia kuwa maana yake ni watoto wa kiume.

Ingekuwa rahisi kumcheka. Lakini baba yake alilitwaa taji vitani, Bosworth, 1485, baada ya ndugu wa ukoo mmoja kuchinjana kwa miaka thelathini. Mfalme bila mrithi wa kiume aliiona vita ile inarudi.

## Papa na Luther waliwaza kama jirani yetu

Hapa ndipo nilipokaa wima kwenye kiti.

Mwaka 1530 mjumbe wa Henry kule Roma, Gregorio Casale, alimwandikia bwana wake kwamba Papa Clement wa Saba amedokeza kwa siri: huenda mfalme akaruhusiwa kuwa na wake wawili. Wapo wanaodhani Clement alikuwa anavuta muda tu, na sishangai. Mei 1527 majeshi ya Kaisari Charles wa Tano yalikuwa yameivamia Roma na kuipora, Papa mwenyewe kajificha ngomeni. Na Catherine kwa Charles alikuwa mama mdogo, dada wa tumbo moja na mama yake. Nani angethubutu kutangaza kwamba mama mdogo wa Kaisari ameishi na mwanamume miaka yote hiyo bila ndoa?

Mwaka uliofuata, upande wa pili kabisa wa ugomvi, Martin Luther, kinara wa Waprotestanti, akamwandikia Mwingereza mmoja aliyekimbilia Wittenberg, Robert Barnes. Akapinga ndoa ile kuvunjwa. Kuliko kumfukuza malkia, akasema, bora mfalme aoe malkia wa pili, kama mababu wa Agano la Kale walivyokuwa na wake zaidi ya mmoja.

Papa na Luther, ambao hawakukubaliana juu ya jambo lolote la maana, walifika kwenye jibu lile lile la mzee wa Kongwa. Mfalme alikuwa amepewa njia ya mitala na wakubwa wawili wa dini, na hakuipita.

Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni ya urithi. Mtoto wa mke wa pili, mbele ya Ulaya nzima, angekuwa mtoto wa mashaka, na mashaka ndiyo mfalme aliyokuwa anayakimbia. Mtoto wa kiume wa nje alikuwa naye tayari, Henry FitzRoy, aliyezaliwa 1519 na kupewa cheo cha mtawala wa Richmond. Hakuhitaji mwingine wa kubishaniwa.

Sababu ya pili ilinichukua muda kuiona, na sasa naiona ndiyo kubwa. Kama Papa anaweza kumruhusu mtu awe na wake wawili, kinyume cha sheria ya kanisa, basi Papa Julius naye aliweza kumruhusu Henry amwoe shemeji yake. Akipokea ruhusa mpya, ameipa nguvu ile ya zamani. Kesi imekufa hapo hapo.

Na kulikuwa na Anne Boleyn, mwanamke ambaye mfalme alikuwa anamtaka; naye hakutaka kuwa hawara, wala sidhani kama angekubali kuwa bi mdogo.

## Mahali ninapomshuku

Nimejaribu kumwamini Henry. Mtu hupoteza watoto mfululizo, anatafuta kosa, anafungua Biblia, analikuta. Tumewaona watu wa namna hiyo, na wengi hawadanganyi.

Lakini kuna karatasi moja.

Mwaka huo huo wa 1527 alimtuma katibu wake, William Knight, aende Roma na maombi. Ndani yake mfalme anaomba kwamba ndoa ya sasa ikishabatilishwa, aruhusiwe kuoa mwanamke hata kama wamefungamana kwa ukaribu wa shahada ya kwanza, hata kama ukaribu huo umetokana na kulala na ndugu ya mwanamke huyo nje ya ndoa. Kwa lugha ya kawaida: Henry alikuwa amekuwa na Mary Boleyn kabla ya kumpenda mdogo wake au dada yake Anne (wanahistoria bado wanabishana nani alitangulia kuzaliwa). Kwa sheria ya kanisa ya siku zile, kulala tu kulitosha kuwafanya Henry na Anne wawe shemeji.

Kwa hiyo kizuizi kilekile alichosema kinamchoma dhamiri kwa Catherine, kwa Anne alikiombea ruhusa. Na aliiomba kwa Papa, wakati wasomi wake wanajenga hoja kwamba kizuizi hicho kimewekwa na Mungu na hakuna Papa anayeweza kukiondoa.

Nikiisoma karatasi ile sioni unafiki wa makusudi. Naona mtu aliyezoea kwamba anachokitaka na anachokitaka Mungu ni kitu kimoja, kiasi kwamba haoni tena mshono.

## Mwanamke aliyekataa kuambiwa hakuolewa

Tarehe 21 Juni 1529, Blackfriars, London. Mahakama ya makadinali wawili, Wolsey Mwingereza na Campeggio aliyetumwa kutoka Roma. Mfalme ameketi chini ya kitambaa cha kifalme. Malkia anaitwa kwa jina.

Badala ya kuwajibu makadinali, Catherine akanyanyuka, akazunguka mahakama hadi alipo mumewe, akapiga magoti mbele yake, mbele za watu wote. Akazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya kwao. Akamwambia amekuwa mke wake mwaminifu kwa miaka ishirini, amezaa naye watoto ingawa Mungu amewachukua. Akasema alipoingia kwake alikuwa bikira, hajaguswa na Arthur, na kama ni uongo, dhamiri ya mfalme mwenyewe ndiyo shahidi.

Henry hakujibu.

Nimejaribu kuifikiria kimya ile. Mle ndani watu pekee waliojua ukweli walikuwa wawili, na mmoja ameshausema kwa sauti. Angeweza kukanusha. Hakukanusha.

Catherine akasimama, akainama kwa heshima, akaondoka. Mwita mashauri akaliita jina lake tena na tena. Akasema mahakama ile haina haki kwake, hakurudi, na rufaa yake ilikuwa Roma. Mwezi uliofuata Campeggio akaahirisha kesi, na Wolsey akaanza kuanguka.

Baadaye walimtaka akubali kuitwa Binti Mfalme Mjane, yaani mjane wa Arthur. Angepewa nyumba nzuri, labda angeruhusiwa kumwona binti yake. Alikataa mpaka siku anakufa Kimbolton, Januari 1536. Huwa nawasikia watu wakisema Anne ndiye aliyeibadilisha Uingereza. Mimi naanza kuona ni Catherine. Angekubali kuingia utawa mapema, kama Campeggio alivyomsihi, Papa angepata njia, na mjomba wangu angekosa utani.

## Sheria zikafuata

Roma ikishindikana, ilibaki kuufunga mlango wa Roma. Januari 1533 Henry akamwoa Anne kwa siri, naye ni mjamzito. Bunge likapitisha sheria ya kuzuia rufaa kwenda nje, inayosema Uingereza ni dola kamili yenye mkuu wake. Thomas Cranmer, askofu mkuu mpya wa Canterbury, akakaa Dunstable mwezi Mei na kutamka kuwa ndoa ya Catherine haikuwahi kuwapo. Septemba akazaliwa mtoto aliyesubiriwa na Ulaya nzima, na alikuwa msichana: Elizabeth.

Mwaka 1534 Sheria ya Ukuu ikamtangaza mfalme kuwa kichwa cha kanisa duniani, kwa upande wa Uingereza. Waliokataa kuapa kwamba wanayakubali mambo haya walilipa. Askofu John Fisher alikatwa kichwa Juni 1535, Thomas More, aliyekuwa chansela wa mfalme, Julai.

Huyu ndiye Henry ambaye mwaka 1521 alitia jina lake kwenye kitabu cha kumpinga Luther, na Papa Leo akamtunuku cheo cha Mtetezi wa Imani. Papa mwingine alipomgeuka, cheo hakukirudisha. Mpaka leo herufi F na D, kifupi cha cheo hicho kwa Kilatini, zimo kwenye sarafu za Uingereza.

## Siku moja Smithfield

Je, alikuwa Mprotestanti? Hapa utani wa mjomba unaanza kuchechemea.

Nyumba za watawa zipatazo 800 zilifungwa kati ya 1536 na 1540, ardhi na fedha zikaenda kwa mfalme na wanunuzi wake. Watu wa kaskazini waliinuka Oktoba 1536, wakiongozwa na mwanasheria Robert Aske, wakitaka nyumba zile zirudishwe. Zilikuwa zikiwalisha maskini na kuwalaza wasafiri. Aske alinyongwa York mwaka uliofuata. Kaburi la Mtakatifu Thomas Becket pale Canterbury likabomolewa 1538, na amri ikatoka kila kanisa liwe na Biblia ya Kiingereza. Sehemu kubwa ya Biblia ile ilitokana na kazi ya William Tyndale, mkimbizi ambaye mwaka 1530 alikuwa ameandika kumpinga mfalme katika jambo hilihili la Catherine.

Halafu mwaka 1539 zikaja Ibara Sita: mkate wa misa ni mwili wa Kristo kweli, na padri haoi. Cranmer, aliyekuwa ameoa kwa siri Ujerumani, ilimbidi amrudishe mkewe huko. Na 1543 sheria ikawakataza wanawake wa kawaida, mafundi, wanagenzi na vibarua kuisoma ile Biblia ambayo mfalme mwenyewe aliiamuru.

Kama kuna siku moja inayomweleza, ni 30 Julai 1540. Wanaume sita waliburutwa hadi Smithfield wamefungwa kwenye majukwaa ya fito, Mkatoliki mmoja na mwanamageuzi mmoja kwa kila jukwaa. Wanamageuzi watatu walichomwa moto kwa uzushi. Wakatoliki watatu walinyongwa na kukatwa vipande kwa uhaini.

Mmoja wa waliochomwa ni Robert Barnes, yule aliyeandikiwa barua na Luther.

Mmoja wa walionyongwa ni Thomas Abel, padri wa nyumbani kwa Catherine, aliyeandika kitabu kuitetea ndoa yake.

Siku mbili kabla, Thomas Cromwell, waziri wa mfalme na fundi wa zile sheria za kujitenga na Roma, alikuwa amekatwa kichwa, na siku hiyohiyo mfalme alikuwa anaoa mke wa tano.

## Hao wengine

Nitawapita haraka, kwa kuwa wameandikwa mno. Anne Boleyn alikatwa kichwa 19 Mei 1536 kwa kosa la uzinzi, na siku mbili kabla yake Cranmer alikuwa ameibatilisha ndoa yake. Kama hakuwa mke, alizini vipi nje ya ndoa? Hakuna aliyediriki kuuliza. Jane Seymour alimzaa Edward Oktoba 1537 na kufariki kabla mwezi haujaisha. Catherine Howard alikatwa kichwa Februari 1542. Katherine Parr alimzika mume.

Anayenivutia ni Anne wa Cleves. Aliolewa Januari 1540, Julai akaambiwa ndoa haikuwapo, naye akasema sawa. Akapewa majumba, mapato, na heshima ya kuitwa dada wa mfalme, akaishi hadi 1557. Alikubali palepale Catherine alipokataa, na nikiri kwamba sijui ningemshauri binti yangu amfuate yupi.

## Kanisa lililofika kwetu

Kwa hiyo nimjibu nini mjomba? Kitabu cha Sala kwa Kiingereza ni cha 1549, chini ya Edward. Mapadri waliruhusiwa kuoa mwaka huohuo. Mary, binti wa Catherine, alilirudisha kanisa Roma, Elizabeth akalitoa tena 1559. Henry mwenyewe alikufa Januari 1547 akiwa ameacha fedha ili asomewe misa za kuiombea roho yake. Alivunja uhusiano na Papa, hilo halina ubishi. Kanisa linalosali Kongwa leo angelikuta geni, na padri wake mwenye mke angemtia matatani.

Lakini kile kizuizi cha shemeji kilibaki. Jedwali la ndoa zilizokatazwa, alilolitoa Askofu Mkuu Parker mwaka 1563, lilimtaja mke wa ndugu. Ilibidi limtaje, heshima ya Elizabeth kama mtoto halali ilitegemea hapo. Sheria ya Uingereza haikumruhusu mtu kumwoa mjane wa nduguye hadi 1921, wakati Waingereza wameshakalia kiti cha Mjerumani hapa Tanganyika na wanawakuta watu wakirithi wajane kama kawaida.

Mitala nayo. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, waliamua mwanamume wa wake wengi asibatizwe. Abaki mwanafunzi wa dini hadi atakapoweza kuifuata sheria ya Kristo. Wake zake wangeweza kubatizwa, mahali pengine, kwa uamuzi wa viongozi wa huko. Mume akitaka maji ya ubatizo, ilibidi aachane nao na kubaki na mmoja. Kanisa lililomtengenezea mfalme njia ya kumwondoa mke likawa linawataka wakulima wa Kiafrika wawaondoe wa kwao, nao hawakupewa majumba kama Anne wa Cleves.

Mwaka 1988, Lambeth hiyohiyo, maaskofu wakalegeza: aliyeoa wake wengi kabla ya kuamini abatizwe na apewe kipaimara pamoja na wake na watoto wake walioamini, aahidi kutoongeza mwingine wakati hao wako hai, jumuiya ya mahali ikubali, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya taabu itakayompata mwanamke huyo. Sababu hiyo imeandikwa ndani ya azimio lenyewe. Mwaka 1533 pale Dunstable hakuna aliyeifikiria.

Miaka mia moja ilipita kati ya maazimio hayo mawili, na nina hakika vijijini mambo hayakungoja. Kama kwenu, Ugogo, Ukaguru, Masasi au ng'ambo ya Maseno, kuna mzee wa wake wawili aliyepokea Meza ya Bwana kabla ya 1988, niandikie. Nataka kujua ni mchungaji gani aliyefumba macho, na wale wake wawili walikaa benchi moja au la.